Tulivyopandisha Mtambo wa Marashi Hadi Mau Narok

Tangu turudi siwezi kuteka maji kwenye bomba la Bondeni hapa Nakuru bila kusimamishwa. Mmoja anauliza kama ni kweli tulikamatwa. Mwingine amesikia kwamba tulikula nyama ya mnyama asiyejulikana huko msituni. Na yuko wa tatu, sitamtaja kwa kuwa anajijua, anayewaambia watu kwamba mume wangu sasa anapika chang'aa ya Wazungu. Basi nimeamua kuandika yote. Anayetaka kujua asome, na asiyejua kusoma asomewe. Habari za vibali na tiketi nitaziacha, maana zilinichosha mara moja na inatosha.

Kwanza mjue tulikuwa tumebeba nini. Huko juu Mau Narok kuna shamba moja ambalo, katikati ya ngano, lina kipande kikubwa cha jeraniamu. Ni kichaka kifupi tu, maua yake hata hayapendezi sana, lakini ukilisugua jani lake mkononi unasikia harufu ya waridi iliyochanganyika na limau. Majani hayo yakipikwa kwa mvuke hutoa mafuta, na mafuta ndiyo yanayopelekwa Ulaya kutengenezewa marashi. Shida ni kwamba shamba halikuwa na mtambo. Majani yalipelekwa kwa lori kupikwa mbali, na yakilundikwa hivyo hupata joto yenyewe kwa yenyewe, yakafika meusi kama majani ya chai.

Ndipo mwenye shamba alipomjia Elijah wangu, ambaye nyinyi nyote mnamjua kwa kuziba masufuria yenu, akamwagiza mtambo wa shaba. Lakini alimwambia pia kwamba huu ndio msimu wa mwisho wa kujaribu. Mafuta yasipotoka, atailima jeraniamu yote apande ngano. Ngano huvunwa na mashine. Jeraniamu huvunwa na wanawake kwa mundu, na wanawake hao wanalisha watoto kwa mundu huo.

Elijah alikuwa hajawahi kutengeneza mtambo kwa jina lake mwenyewe. Kelele za nyundo mlizolalamikia nyuma ya nyumba yetu ndizo hizo. Ulipokamilika ulikuwa na sehemu tatu: sufuria kubwa ya shaba ambayo mimi na jirani mmoja tungeweza kuketi ndani tukapiga gumzo, kofia yake yenye shingo ndefu kama ya bata, na paipu iliyojikunja kama nyoka, ambayo hukaa ndani ya pipa la maji baridi ili mvuke ugeuke kuwa maji na mafuta.

"Twende wote, Rodah," aliniambia. "Mimi nitashika nyundo. Wewe utaongea na watu."

Mnajua jinsi Elijah alivyo. Na mnajua jinsi nilivyo mimi. Nilifunga mzigo wangu kabla hajamaliza kusema.

Nakuru hadi Njoro

Sufuria na kofia vilipakiwa kwenye behewa la mizigo. Paipu Elijah alikataa kumpa mtu yeyote. Alipanda nayo daraja la tatu ameivaa shingoni na begani, na abiria wote wakampisha nafasi. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la vifaranga aliniuliza polepole kama mume wangu ni mgonjwa na hiyo ndiyo dawa. Nilimweleza yote, akafurahi sana, akatupa viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo bado vilikuwa na joto.

Mimi nilikuwa dirishani kama mtoto. Menengai ilibaki nyuma, mashamba ya ngano yakaanza kupita, na hewa ikaanza kuwa baridi. Nilitamani safari iwe ndefu zaidi. Sikujua kwamba nitajibiwa.

Njoro tulishuka haraka. Pale stesheni alikuwepo mzee mrefu mwenye koti la jeshi, masikio yake yametobolewa yakaning'inia, amesimama mbele ya gari la ng'ombe. Huyo ndiye Arap Koros, dereva wa shamba, aliyetumwa kutupokea. Ng'ombe wa mbele alikuwa mweupe kabisa, na jina lake lilikuwa Mzungu.

"Mzungu! Simama vizuri, mvivu wewe!" Koros alimkemea kwa sauti ya kusikika stesheni nzima. Elijah aligeuka kutazama kama kuna bwana mkubwa karibu.

Wakati tunasalimiana, wapakuaji mizigo walikuwa wakibishana kwenye mlango wa behewa. Nilisikia mmoja akisema, "Hiyo ni boila ya kinu cha mbao. Inaenda Elburgon. Wacha." Nikapiga kelele. Elijah akakimbia na paipu yake shingoni. Filimbi ikalia, mlango ukafungwa, na treni ikaondoka na mtambo wetu, ikitutolea moshi.

Elijah alisimama kwenye reli akiitazama hadi ikapotea.

"Treni haina akili," Koros alisema. "Ng'ombe akipita nyumbani, anajua amepita." Akapanda gari lake. "Nyinyi ngojeni treni ingine. Mimi naenda na barabara. Tutaonana Elburgon." Kisha akainama karibu nami, akashusha sauti. "Lakini mama, haraka. Walianza kukata majani leo asubuhi. Waliambiwa mtafika leo."

Njoro hadi Elburgon

Treni nyingine ilikuja ilipotaka. Tuliingoja tukila mahindi ya kuchemsha, na kila moshi uliotokea mbali tulisimama, ukawa ni moshi wa shamba la mtu. Ilipofika hatimaye ilikwenda polepole mlimani hadi nikatamani kushuka niisukume.

Elburgon utaijua kwa pua kabla ya macho. Mji mzima unanukia mbao mbichi za mwerezi. Tulikwenda moja kwa moja hadi kwenye kinu cha mbao, na pale uani, juu ya mawe matatu makubwa, moto mkali chini yake, tuliiona sufuria yetu. Maji yalikuwa yanachemka. Pembeni alisimama mpishi mmoja mnene, aproni kifuani, ameshika karai la nyama yenye mafuta mengi, anakaribia kulimimina.

Nilipiga ukelele ambao nadhani mlio Nakuru mngeusikia. Elijah hakupiga kelele. Alikimbia akajiweka katikati ya karai na sufuria, mikono ameitandaza, paipu shingoni, na mpishi akarudi nyuma akidhani amevamiwa na mwenda wazimu.

"Ni yetu!" nikasema. "Ikiingia mafuta ya ng'ombe, marashi yote yatanuka supu!"

"Marashi gani, mama?" mpishi akauliza. "Hii kitu imekuja na treni, haina mwenyewe. Tumeomba sufuria kubwa hapa tangu zamani. Watu ni wengi, wanakula kwa zamu, wa mwisho wanakula baridi. Leo imefika, tukasema, aa, tumekumbukwa!"

Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika na sahani zao, wamekasirika, na niliwaonea huruma kweli. Niliwaeleza habari ya jeraniamu kuanzia jani hadi Ulaya. Walisikiliza kwa makini.

"Kwa hivyo hawa watu wanakunywa hayo mafuta?" mpishi akauliza.

"Hawanywi. Wanajipaka. Hapa, nyuma ya sikio."

"Nyuma ya sikio peke yake?"

"Na mkononi kidogo."

Alitazama sufuria, akatazama moto, akatazama watu wake wenye njaa. "Na kazi yote hii," akasema.

Nyama ilipikwa kwenye masufuria yao madogo, kwa zamu kama kawaida, na sisi tukakaribishwa zamu ya kwanza. Ugali ulikuwa mgumu vizuri, nyama laini, na mpishi alitukalia karibu akiuliza kama Elijah angeweza kumtengenezea sufuria ya namna ile, ya chakula. Elijah, kwa mara ya kwanza tangu Njoro, alifungua mdomo. Alisema angeweza, na akamwonyesha kwa mikono ukubwa wake.

Koros aliwasili na ng'ombe tukiwa bado tunanawa. Watu wa kinu walitubebea mtambo hadi kwenye gari, wakautandikia takataka za randa za mwerezi ili usigongwegongwe. Sehemu ya chini ilikuwa imekuwa nyeusi kwa masizi. Elijah aliisugua kwa kiganja, akaacha.

Kupitia msituni

Koros alisema hatuna haja ya kurudi chini Njoro. Kuna njia ya wakata mbao inayokatiza msituni hadi upande wa Mau Narok, na Mzungu anaijua. Kesho yake mapema tukaingia.

Marafiki zangu, sijawahi kuona miti kama ile. Mingine ilikuwa imefunikwa na ndevu za kijani, na mianzi imesongamana hadi mchana unakuwa kama jioni. Nyani walitupigia kelele. Nilikuwa nikishuka kwenye gari kila mara kuchuma kitu au kunusa kitu, hata Koros akasema ng'ombe watachoka kuningoja. Kisha mvua ikaanza. Njia ikageuka uji. Koros alitembea kando ya ng'ombe akiwaimbia na kuwatukana kwa zamu, na mimi na Elijah tukasukuma nyuma, matope hadi magotini, na bado, naapa, nilikuwa na furaha.

Furaha iliisha ghafla. Gurudumu la kushoto liliteleza kwenye shimo, gari likainama, kamba ikakatika, na sufuria ikabiringika mteremkoni ikilia kama kengele ya kanisa, hadi ikagonga kisiki na kusimama. Elijah aliifuata akiteleza kwa makalio. Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti akipitisha kidole kwenye ukingo wa mdomo wake. Palikuwa pamebonyea, upana wa kama viganja viwili.

"Kofia haitakaa sawa," alisema. "Mvuke utatorokea hapa."

"Si utagonga?"

"Nitagonga. Lakini haitarudi ilivyokuwa."

Tukiwa hapo tukasikia mtu akicheka. Kwenye mianzi alikuwa amesimama mzee wa Kiogiek, wale wenyeji wa msitu wanaoishi kwa asali, ngozi ya mbega, nyeupe na nyeusi, begani, na mkewe nyuma yake amebeba mfuko wa ngozi. Walikuwa wamekuja kuona kengele gani inalia msituni. Mzee alizunguka sufuria, akaigonga, akachungulia ndani. Alizungumza na Koros kwa lugha yao, wanaelewana, na Koros akacheka hadi akashika tumbo.

"Anauliza ni nyuki wa aina gani watakaa kwa huu mzinga," Koros alitutafsiria. "Anasema ni mkubwa sana. Na shaba ni baridi, nyuki hawatapenda. Anasema huyu fundi hajui nyuki."

Nilimwambia Koros amweleze kwamba si mzinga, ni wa kutoa mafuta yenye harufu nzuri kutoka kwa majani. Mzee alisikiliza, akajibu kwa uzito.

"Anasema ni kitu kimoja," Koros akasema. "Nyuki pia anatoa kwa maua. Lakini nyuki anatoa kitu cha kula."

Mama yule aliniwekea kipande cha sega la asali mkononi, nikakitafuna na nta yake, na nawaambia asali ya msitu ule ina ladha ambayo sijaipata dukani hata siku moja. Mvua ilipopungua wakatupeleka kwenye kibanda chao, tukaota moto. Na hapa ndipo niseme juu ya nyama. Alikuwa pimbi, yule anayekaa juu ya miti na kulia kama mtu anayenyongwa. Kwanza nilikataa. Harufu ilipoanza kutoka kwenye makaa, nikasahau kwamba nimekataa. Basi mmejua.

Elijah aligonga ukingo kwa nyundo ya mti mpaka alipoona inatosha, au mpaka alipoogopa kuupasua. Mzee aliwaita wanawe, wakalinyanyua gari kwa magogo, wakatusindikiza hadi njia ilipokauka. Nilipomshukuru mama yule alininusa shingo, akacheka, akasema neno.

"Anasema unanuka moshi," Koros akasema. "Anasema rudi na hayo mafuta yako, mbadilishane na asali."

Kizuizini

Tulitoka msituni kwenye uwanda wa juu. Upepo baridi, anga pana, ngano pande zote. Koros alionyesha paa za mabati mbali sana na kusema ndilo shamba. Nilitaka kuimba. Ng'ombe walikuwa wamechoka, na Mzungu akaamua kusimama katikati ya njia.

"Mzungu!" Koros akapaza sauti. "Wewe Mzungu, mvivu mkubwa! Umekula shamba lote na kazi hutaki! Leo nitakuchapa mpaka ukumbuke mama yako!"

Hatukuwa tumeona kwamba baada ya kona palikuwa na kizuizi cha polisi, mojawapo ya vile vilivyobaki tangu Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau: mti umelazwa juu ya mapipa mawili yaliyopakwa chokaa, na kibanda. Askari walikuja mbio na bunduki. Mbele yao alikuwa sajini mmoja Mkamba, mfupi, suruali yake imepigwa pasi hata kule juu.

"Nani anachapa Mzungu hapa?"

Koros akanyoosha kidole kwa ng'ombe. Sajini alimtazama ng'ombe kwa muda. Nadhani mambo yangeishia hapo kwa kicheko kama asingeinua turubai. Aliona sufuria. Aliona shingo ya bata. Aliona paipu shingoni mwa Elijah. Uso wake ukabadilika.

"Mimi nimekamata mitambo ya pombe ya moshi kutoka Kisumu mpaka Naivasha," akasema. "Sijawahi kuona moja kubwa namna hii. Shukeni wote."

Niliongea. Niliongea kama sijawahi kuongea maishani. Nilimweleza waridi na limau, Ulaya, nyuma ya sikio. Alitikisa kichwa tu.

"Kila mtu husema ni dawa," akasema. "Wewe umesema ni marashi. Hiyo ni mpya, nakusifu. Lakini mtambo unabaki hapa na nyinyi mnabaki."

"Uliza mwenye shamba!"

"Mwenye shamba alipita hapa akienda Nairobi. Atarudi atakaporudi."

Tuliketi kwenye nyasi. Koros peke yake ndiye aliyeruhusiwa kwenda, kwa miguu, kuwaambia watu wa shamba, maana sajini alikuwa amewafunga ng'ombe kama ushahidi. Elijah alikaa na paipu mapajani, na nilimwona akiwaza kile nilichowaza mimi: majani yaliyokatwa yako kwenye lundo huko juu, yanapata joto.

Alasiri tuliona kitu kinashuka barabarani. Kwanza nilidhani ni vichaka vinatembea. Ni wanawake, mstari mrefu, kila mmoja na mzigo wa majani mgongoni umefungwa kwa kamba ya kichwani. Na upepo ulipogeuka, harufu ikatufikia kabla yao. Sina maneno. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa nyumba nzuri sana. Askari wote waligeuza vichwa.

Mbele yao alikuwa mama mmoja mwenye mabega mapana, Mama Tabitha, msimamizi wa wakataji, na Koros amerudi nyuma yake. Alitua mzigo wake mbele ya sajini.

"Afande, shikamoo sina nafasi," akasema. "Haya majani yakifika kesho yameoza, na yakioza hatuna kazi. Umekataa mtambo usije kwa majani. Majani yamekuja kwa mtambo. Pikeni hapa hapa, uone na macho yako."

"Ikitoka pombe?" sajini akauliza.

"Tufunge sisi wote. Hesabu kama jela itatosha."

Sajini alitutazama sisi, akatazama wanawake, ng'ombe, majani. Akavua kofia, akaivaa tena. "Pikeni," akasema. "Ikitoka pombe hakuna mtu anaenda nyumbani."

Hapo ndipo safari yangu ilipokuwa sikukuu. Wengine walikwenda kwa maji ya kijito, wengine wakapanga mawe. Tuliweka chini wavu wa waya aliokuja nao Elijah ili majani yasiguse maji, kisha tukaingia ndani ya sufuria kwa zamu na kuyakanyaga yashikane, miguu mitupu, tukishikiliana mabega na kucheka. Ila hatukuwa na pipa la maji baridi, kwa kuwa pipa lilikuwa shambani. Elijah aliangalia huku na huku. Kisha akatembea polepole hadi kwenye kizuizi, akapiga moja ya mapipa kwa kidole.

"Hilo ni pipa la serikali," sajini akasema.

"Nahitaji kulitoboa chini," Elijah akasema, "paipu ipite."

Ndiyo sentensi ndefu zaidi aliyomwambia mgeni tangu Nakuru. Sajini akavuta pumzi.

"Serikali ina mapipa mengi," akasema, na mwenyewe akasaidia kumwaga mawe yaliyokuwa ndani.

Tulipowasha moto na kufunika kofia, mvuke ulianza kutoka palepale Elijah alipoogopa, kwenye ule ukingo uliobonyea. Alipaka udongo. Udongo ukakauka ukapasuka. Akapaka tena, ukapasuka tena, na mvuke ukafuka hewani na harufu nzuri ikaondoka nayo, na wanawake wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Kila pumzi ya harufu tuliyoisikia ilikuwa mafuta yetu yanapotea.

"Udongo hauvutiki," nikasema. "Kinachotakiwa ni kitu kinachovutika. Afande, una unga wa ngano?"

Sajini alikuwa na mkebe. Aliutoa kwa shingo upande, ulikuwa wa chapati zake. Nikaukanda hapo kwenye kofia ya chuma ya askari mmoja, mgumu kuliko wa chapati, nikauviringa kama kamba nene na kuubandika kuzunguka ukingo huku vidole vikiungua. Joto likauivisha. Ukakaza. Mvuke ukakatika.

Tukaketi kuangalia mdomo wa paipu chini ya pipa. Koros aliacha hata kumtukana Mzungu. Tone. Tone lingine. Kisha yakawa maji membamba, yakiingia kwenye chupa ya Elijah.

Sajini aliinama, akaweka kidole, akakipeleka ulimini kama mtu anayejua kazi yake. Uso ulimkunjamana wote.

"Chungu!" akasema, akatema. Akangoja kidogo, akasikiliza ndani ya kinywa chake. "Hii si pombe."

Wanawake wakapiga vigelegele, lakini Elijah aliinua mkono. Alikuwa amelala kifudifudi, jicho kwenye chupa. "Bado," akasema. "Hayo ni maji." Tukainama wote, vichwa vinagongana. Juu ya maji palikuwa na utando, mwembamba kwanza, kisha mnene kama unyasi: mafuta, rangi ya kijani inayoelekea manjano, yanaelea.

Mama Tabitha aliyatazama kwa muda mrefu. Misimu yote aliyokata majani yale, akaniambia, hakuwahi kuyaona mafuta yenyewe. Yalikuwa yanakwenda tu. Alichovya ncha ya unyasi, akampaka kila mwanamke kwenye kifundo cha mkono, kidogo kidogo, kila mmoja akinusa. Mimi pia.

Sajini alijitokeza nyuma ya mstari, akanyoosha leso yake iliyokunjwa vizuri.

"Weka hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu yuko Machakos. Anadhani mimi huku nanuka bunduki tu." Kisha akawaona askari wake wanamtazama, akakaza shingo. "Ni ushahidi," akasema, akaitia mfukoni.

Tulichomea viazi kwenye makaa ya mtambo, viazi vya Mau Narok vinavyopasuka vyenyewe, tukala pamoja askari na wakataji, bila chumvi, na hakuna aliyeulizia chumvi. Sajini alikula bila chapati na hakulalamika.

Mau Narok, na kurudi

Shambani tulikaa mpaka majani yote yakapikwa. Elijah alinyoosha ukingo vizuri kwa moto, lakini Mama Tabitha aliendelea kuutia unga hata ulipokuwa hauhitajiki, akisema ndivyo alivyoona ukifanya kazi. Mwenye shamba alirudi akakuta chupa zimepangwa kivulini. Alinusa moja, akanusa nyingine, akaenda kusimama mbele ya shamba la jeraniamu peke yake. Aliporudi alimwambia Mama Tabitha atafute vipandikizi vya kuongezea upande wa kijito. Basi hivyo tu. Wanawake walisubiri aingie nyumbani ndipo wakaanza kucheza.

Elijah aliketi juu ya jiwe karibu na mtambo uliopoa. Nilikwenda nikakaa naye.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona nini?"

"Hauvuji," akasema. Akacheka, Elijah wangu, hadi machozi.

Koros ndiye aliyetushusha hadi Njoro kupanda treni. Tulikuwa tumembebea sajini mkebe wa unga kulipa ule wake. Tulipoikaribia kona, Koros alimsimamisha Mzungu kwa mazoea, akajiweka vizuri kwenye kiti, akangoja kuulizwa.

Hakukuwa na mtu. Mti ulikuwa umeondolewa, kibanda kimebomolewa, nguzo zimeng'olewa, na mashimo yake yamejaa maji ya mvua. Amri ya kuondoa vizuizi ilikuwa imekuja, na askari wamekwenda zao, hatukujua wapi. Walichukua kila kitu isipokuwa pipa moja lililotobolewa chini, limeachwa kando ya njia, na duara jeusi la moto wetu, na lundo la majani tuliyoyamwaga, ambayo bado yalikuwa yakinukia.

Tulikaa kidogo pale katikati ya barabara. Hakuna aliyekuja kutuuliza tunatoka wapi wala tunakwenda wapi.

"Twende," Elijah akasema, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwita ng'ombe. "Mzungu! Twende nyumbani!"